Boti ndogo ya mpira kwa boti ya safari ziwani: anza na mahali itakapokaa

Mtu yeyote aliyewahi kusafiri kwa MV Liemba anafahamu kwamba safari ya Ziwa Tanganyika haiishi meli inaposimama. Vijiji vingi vya mwambao havina gati, kwa hiyo abiria na magunia yao hushuka ubavuni mwa meli na kuingia katika boti ndogo zinazokuja kuwapokea, na hizo ndizo zinazowafikisha nchi kavu. Mwenye boti yake ya safari yenye urefu wa mita 7 hadi 9, iwe ya matanga au ya mashine, anayetoka Kigoma mjini kwenda Gombe upande wa kaskazini au Mahale upande wa kusini, hukabiliwa na jambo lile lile, isipokuwa kwamba yeye hana anayekuja kumpokea. Boti yenye mkuku unaoshuka mita moja na zaidi chini ya maji, au yenye propela na usukani visivyoinuka, haiwezi kupandishwa kwenye changarawe kama mtumbwi wa mvuvi. Inabidi itie nanga, na mwenyewe awe na chombo cha kuvukia kile kipande cha mwisho.

Chombo hicho, kwa boti nyingi ndogo za safari, siku hizi ni boti ya mpira ya kujaza upepo. Mtumbwi wa mbao au kiboti cha faiba huenda vizuri zaidi kwa makasia na hustahimili mawe, lakini hauna namna ya kukunjwa, na juu ya boti ya mita 8 hugeuka kuwa mzigo usio na pa kukaa. Boti ya mpira haipinduki kwa urahisi mtu anapokanyaga pembeni, kwa sababu maboya yake mapana, yaani mirija ya upepo inayoizunguka, hubeba uzito upande ule ule unaokanyagwa. Haikwaruzi rangi ya boti kubwa inapogusana nayo, hubeba mzigo mkubwa ukilinganisha na uzito wake yenyewe, na ikitolewa upepo huingia kwenye mfuko. Hasara zake nazo si za kufumbia macho: hupeperushwa na upepo, huenda kwa shida kwa makasia, hutoboka, na huliwa na jua. Uchaguzi huwa mgumu kwa sababu karibu kila dawa ya hasara hizo huongeza uzito au ukubwa, na uzito na ukubwa ndivyo ambavyo boti ndogo haina nafasi navyo.

Kwa maoni yangu wanunuzi wengi huanza na swali lisilo lake. Huuliza ni boti ipi iliyo imara, au ipi inayokwenda kasi, au ipi inayobeba watu wengi, kisha baada ya kulipa na kuisafirisha kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ndipo hugundua kwamba haina mahali pa kukaa. Swali la kwanza ni hili: boti ndogo itakuwa wapi wakati boti kubwa inasafiri? Likishajibiwa, urefu, aina ya sakafu, uzito na hata kitambaa hujipanga vyenyewe nyuma ya jibu hilo. Na majibu yenyewe ni manne tu.

Jibu la kwanza, ambalo wengi hulikimbilia, ni kuifunga nyuma na kuikokota. Asubuhi ziwa likiwa limetulia, kwa safari fupi ya kutoka mjini hadi ufukwe wa jirani, halina ubaya mkubwa. Ubaya huanza upepo unapoinuka, hasa katika miezi ya kiangazi ya katikati ya mwaka ambapo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kwa kufuata urefu wa ziwa na kuinua mawimbi mafupi yenye kusimama. Boti tupu ya mpira ina uzito wa kilo 25 au 30 tu huku ikiwa na eneo kubwa la kushikwa na upepo, kwa hiyo hunyanyuka puani, hugeuka juu chini, na kuanzia hapo hukokota maji badala ya kuelea juu yake. Vishikio vilivyobandikwa kwa gundi kwenye maboya havikutengenezwa kwa mvuto wa namna hiyo, navyo hubanduka na kuondoka na kipande cha kitambaa. Anayelazimika kukokota na atoe kwanza mashine, makasia na tangi la mafuta. Afunge kamba katika vishikio viwili vya mbele ili mvuto ugawanyike. Atumie kamba ya plastiki inayoelea, kwa kuwa kamba inayozama huingia kwenye propela mara tu boti kubwa inapopunguza mwendo au kurudi nyuma. Kisha aongeze na kupunguza urefu wa kamba hadi aone haikatiki kwa vishindo wala hailegei. Kwa safari ya kwenda Mahale, ambayo ni zaidi ya kilomita 120 na kwa boti ndogo huchukua siku na usiku wake, siishauri kabisa.

Jibu la pili ni kuining'iniza nyuma kwa vyuma viwili vilivyopinda. Kwa boti kubwa ni mpango mzuri, lakini kwa boti isiyofika mita 9 kilo 40 au 50 zinazoning'inia nje ya tezi huizamisha nyuma na kuinua omo, na mvua ya masika ikinyesha huku kizibo cha kutolea maji kimesahaulika, lita 100 za maji ni kilo 100 nyingine juu ya vyuma vile vile.

Jibu la tatu ni kuigeuza juu chini na kuifunga juu ya sitaha ya mbele, kati ya mlingoti na nanga. Hapa ndipo vipimo vinapoamua. Katika boti nyingi za mita 8 nafasi hiyo mara nyingi haizidi mita 2.5 kwa urefu, na sehemu yake ya mbele hupungua upana kwa kasi. Namna ya kupima ambayo naiamini kuliko ramani yoyote ya kiwandani ni kukata kipande cha turubai kwa urefu na upana wa boti inayofikiriwa, kukitandaza sitahani, kisha kufanya kazi zote za kawaida kikiwa pale: kutupa nanga na kuivuta, kufungua kifuniko cha chumba cha mbele, kupita kutoka nyuma kwenda mbele ukiwa umeshika kamba mkononi, na kukaa kwenye usukani na kutazama mbele. Kimo nacho kisisahaulike, maana boya lenye kipenyo cha sentimita 38 likigeuzwa, pamoja na ubao wa nyuma, huziba macho ya mtu anayekaa chini kuendesha, na katika ziwa lenye mitumbwi na nyavu upofu wa namna hiyo ni hatari. Wengine hupunguza kimo kwa kutoa upepo wa maboya na kuacha umbo tu. Hiyo inafaa, mradi mikanda ya kufungia ipite juu ya boti nzima na kushikwa na vyuma vilivyokaza kwenye sitaha yenyewe, si kwenye nguzo nyembamba za uzio wa pembeni, ambazo wimbi moja linaweza kuzipinda.

Jibu la nne ni kuitoa upepo kabisa, kuikunja na kuiweka chini. Boti ya mita 2.4 yenye sakafu ya upepo ikikunjwa vizuri huwa kifurushi cha urefu wa mita 1 na kidogo, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 35 hivi. Ikiwa boti kubwa ina kabati la nyuma lenye mlango unaopitisha kifurushi hicho, basi hapo ndipo penye usalama kuliko pote, kwa boti zote mbili na kwa kitambaa pia, kwa kuwa kiza ndiyo dawa bora ya jua. Gharama yake ni kazi: robo saa ya pampu ya mguu kila mnapofika, na muda kama huo wa kukausha na kukunja mnapoondoka. Naelewa kwa nini watu huchoka nayo, na ndiyo sababu wengi wenye uzoefu huchanganya, yaani huikunja kwa safari ndefu ya kuvuka maji wazi na kuifunga sitahani wanapohama kutoka ghuba moja hadi nyingine.

Mahali pakishajulikana, urefu hujulikana pia. Kwa boti za ukubwa tunaozungumzia urefu huwa kati ya mita 2.3 na 2.7. Mnunuzi aelewe kwamba vipimo vinavyotajwa ni vya nje, na maboya hula sehemu kubwa ya nafasi: boti ya mita 2.4 kwa mita 1.5 hubakiza ndani nafasi ya takriban mita 1.6 kwa sentimita 65, ambayo ni ya watu wawili wazima na mizigo yao, au watatu wanaobanana. Kibao cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye ubao wa nyuma huonyesha idadi ya juu ya watu, uzito wa juu, nguvu ya juu ya mashine na kiwango cha upepo. Boti iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 6185 lazima iwe nacho, na isiyo nacho ni ya kuachwa dukani. Idadi ya watu iliyoandikwa pale ichukuliwe kuwa ni ya maji yaliyotulia. Mimi hutoa mtu mmoja katika hesabu hiyo kabla sijapanga safari, na kila anayebaki huvaa jaketi la kuokolea, hata kama ufukwe uko umbali wa kurusha jiwe, kwa sababu kingo za Ziwa Tanganyika sehemu nyingi huteremka ghafla na hatua chache kutoka nchi kavu mtu hafikii chini.

Kwa upande wa sakafu kuna aina nne, na tatu kati yake zinaweza kuelezwa kwa haraka. Sakafu ya fito za mbao zilizoshonewa ndani ya kitambaa ni nyepesi, hukunjwa pamoja na boti na ni rahisi kwa bei, lakini hulegea chini ya miguu na haifai kwa zaidi ya makasia na mashine ndogo sana. Sakafu ya vipande vya mbao au alumini vinavyopachikana ni imara, ila ni nzito, huhitaji kuunganishwa kila mara, na mchanga unaoingia chini ya vipande husaga kitambaa taratibu bila mwenyewe kuona. Boti yenye tumbo gumu la faiba au alumini na maboya pembeni huenda vizuri kuliko zote na hustahimili mawe, lakini haikunjiki, na ya mita 2.7 huwa na kilo 40 hadi 50 bila mashine. Mwenye boti ya mita 8 asiye na nafasi ya sitahani ameshajibiwa.

Aina ya nne, sakafu ya upepo yenye mgandamizo mkubwa, ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Ukiipasua iliyochakaa utaona matabaka mawili ya kitambaa, la juu na la chini, yaliyounganishwa kwa maelfu ya nyuzi zenye urefu sawa, zimesimama wima na kusongamana. Upepo unapojazwa matabaka hutaka kuvimba na kuwa duara, lakini nyuzi huyazuia kama vifungo vinavyozuia godoro la sufi lisivimbe, na matokeo yake ni ubao bapa mgumu wa kusimamia. Ugumu huo hutegemea upepo mwingi: maboya ya pembeni hujazwa hadi bar (kipimo cha mgandamizo) 0.2 au 0.25, wakati sakafu ya namna hii hutaka bar 0.7 au 0.8. Pampu ya mguu ya kawaida, ya kujazia magodoro, haifiki huko. Inahitajika yenye hatua mbili pamoja na geji. Watu wengi huilaumu sakafu kwa kulegea wakati kosa ni la pampu. Ikijazwa ipasavyo haihitaji kitu cha kuunganisha, na ikitolewa upepo hukunjwa pamoja na boti. Kwa boti ndogo za ziwani hii ndiyo ninayoichagua, nikijua udhaifu wake, kwamba ndoano au mwiba ukipenya sakafu yote hulegea mara moja.

Tunafika kwenye kitambaa, na hapa hali ya Kigoma inatofautiana na ya wanaoandika miongozo ya wapenda boti wa Ulaya. Wao huhofia chumvi ya bahari kwanza na jua baadaye. Sisi hatuna chumvi, maji ya Ziwa Tanganyika ni matamu, lakini tuko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua hupita karibu na utosini mwaka mzima, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kinachotuulia boti ni mwanga.

Vitambaa vyote viwili vikuu vina nyuzi za poliesta katikati. Tofauti iko kwenye kilichopakwa juu yake. PVC ni plastiki ambayo kwa asili yake ni ngumu, hulainishwa kwa kuchanganywa na vilainishi. Jua na joto hufukuza vilainishi hivyo kidogo kidogo: mwanzoni kitambaa hunata kikiguswa, baadaye hukauka, hubadilika rangi na kuanza kupasuka kwenye mikunjo. Faida zake ni bei nafuu, wepesi, na kwamba mishono yake inaweza kuunganishwa kwa joto, jambo ambalo hulifanya kiungo kuwa kitu kimoja na kitambaa. Mnunuzi wa PVC aulize hasa hilo, kwa sababu mishono iliyobandikwa kwa gundi hushindwa katika joto mapema kuliko kitambaa chenyewe.

Cha pili ni mpira wa sintetiki unaojulikana kwa jina la Hypalon. Jina hilo lilikuwa la kampuni ya DuPont ya Marekani, ambayo iliacha kuuzalisha mwaka 2010, lakini watengenezaji wengine wanaendelea na mpira wa aina hiyo hiyo na wauzaji wamebaki na jina la zamani. Huu hauna vilainishi vya kupotea kama vya PVC, hustahimili jua, joto na mafuta ya petroli kwa miaka mingi zaidi, na kwa ndani hupakwa tabaka la neoprini la kuzuia upepo usitoke. Ni mzito zaidi, na bei yake huweza kukaribia mara mbili ya PVC. Mishono yake hubandikwa kwa gundi kwa mkono, kwa hiyo ubora wa fundi una maana kubwa. Muuzaji asipojua anachouza, tazama upande wa ndani wa kitambaa pale kinapoonekana, kwa mfano ukifungua vali kubwa: PVC hung'aa kwa namna moja pande zote mbili, wakati mpira huwa na ndani iliyofifia, mara nyingi ya rangi tofauti na ya nje.

Je, lazima kununua Hypalon? Hapa tunarudi kwenye swali la mahali. Boti itakayokaa sitahani au majini mchana kutwa, wiki baada ya wiki, naona ni hasara kuinunua ya PVC. Bei yake ndogo italipwa tena mapema. Lakini boti inayokaa kwenye mfuko ndani ya kabati na kutoka kwa saa chache katika safari za mwisho wa juma inaweza kuwa ya PVC yenye mishono ya joto na kudumu vizuri, na wepesi wake utashukuriwa kila inapoinuliwa. Kwa vyovyote chagua rangi ya kijivu hafifu au nyeupe, na shonesha kifuniko cha turubai kwa fundi cherehani mara moja, kikifunika maboya na kuacha nafasi ya vishikio. Hakuna shilingi itakayotumika vizuri zaidi ya hiyo.

Jua lina jambo la pili linalochanganya watu, nalo ni kiwango cha upepo. Hewa iliyofungiwa huongeza mgandamizo kadiri joto lake linavyopanda, na hesabu hufanywa kwa mgandamizo wote, yaani ule wa geji pamoja na ule wa anga inayotuzunguka, ambao katika mwinuko wa ziwa letu ni bar 0.92 hivi. Boya lililojazwa asubuhi hadi bar 0.25, hewa ikiwa nyuzijoto 22, lina jumla ya bar 1.17. Likiachwa ufukweni hadi hewa ya ndani ifikie nyuzijoto 50, jumla hupanda hadi karibu bar 1.28, na geji itasoma bar 0.36 au pungufu kidogo, kwa kuwa kitambaa nacho hutanuka. Hilo ni ongezeko la asilimia 40 hivi juu ya kiwango kilichoruhusiwa, na linaelekezwa moja kwa moja kwenye mishono. Kinyume chake pia ni kweli: boti iliyojazwa juani saa saba mchana, ikishushwa kwenye maji ya nyuzijoto 25, hulegea ndani ya dakika chache na mwenyewe hudhani imetoboka. Kwa hiyo ijazwe ikiwa kivulini au ikiwa tayari majini, iongezwe upepo baada ya kupoa, na ipunguzwe kabla ya kuachwa ufukweni. Wakati wa kujaza, vyumba vyote vya upepo vifikishwe nusu kwanza kimoja baada ya kingine, ndipo vikamilishwe, ili kuta nyembamba zinazovitenganisha zisisukumwe upande mmoja.

Kuhusu mashine, kishawishi cha Kigoma ni kutumia iliyopo. Wavuvi wetu hutumia mashine kubwa, na mtu huweza kuazimwa ya nguvu za farasi 15 kwa urahisi kuliko kuipata ya 2.5. Lakini mashine ya farasi 15 ina kilo 35 na zaidi, na ubao wa nyuma wa boti ya mita 2.4 haukukusudiwa kwa uzito wala msukumo huo. Mashine ndogo ya mipigo minne, ya farasi 2 hadi 3.5, ina kilo 13 hadi 18, na mtu mmoja huweza kumpokeza mwenzake kutoka boti moja hadi nyingine. Ya farasi 4 hadi 6 hufika kilo 25, na hapo kupokezana juu ya mawimbi huwa ni kuhatarisha vidole na mgongo. Mwinuko nao hupunguza nguvu ya injini isiyo na kisukumio cha hewa (turbo) kwa takriban asilimia 3 kila mita 300, kwa hiyo farasi 2.5 zilizoandikwa kwenye kifuniko hubaki 2.3 hivi ziwani. Kwa umbali wa mita 200 hadi ufukweni zinatosha. Makasia yabaki ndani ya boti daima, na usiku iwepo tochi yenye nguvu, kwa kuwa wavuvi wa dagaa wanaofanya kazi kwa taa hawawezi kuona kiboti cha kijivu kinachokuja gizani. Mafuta yasiwekwe kwenye kabati lililofungwa, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, karibu na betri.

Lipo jambo moja ambalo ningependa lisichanganywe na yote haya. Boti ya mpira ya kuvukia si boti ya kuokolea maisha. Haina paa, haijijazi yenyewe, na upepo unaotosha kuzamisha boti kubwa hutosha kuipeperusha hii. Ziwa lenye upana wa kilomita 50 kwa wastani linataka vifaa vyake vya uokoaji, na maofisa wa TASAC, shirika la serikali lenye jukumu la kukagua na kusajili vyombo vidogo vya majini, ndio wa kuulizwa ni vifaa gani vinavyohitajika na kama boti ndogo yenye mashine inapaswa kusajiliwa peke yake.

Msimu ukiisha, uhifadhi wa nchi kavu huwa na adui watatu: unyevu, joto la bati na panya. Boti ioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji, kamwe si kwa petroli wala tina, na mchanga utolewe hasa kwenye kona ambapo sakafu hukutana na boya. Ikauke kabisa kivulini, jambo linalotaka siku nzima wakati wa mvua, kwa sababu unyevu uliobaki ndani ya mikunjo huotesha ukungu na kulegeza gundi. Ikunjwe kwa kulegea, kwa mikunjo mipana, na kila baada ya miezi michache ifunguliwe na kukunjwa kwa mistari mingine. Iwekwe juu ya chaga, mbali na bati la paa. Panya wanahitaji kuzingatiwa zaidi ya wanavyotajwa. Boti iliyopita kwenye mwalo wa Kibirizi au Katonga hubeba harufu ya dagaa, na panya hatofautishi harufu na chakula. Atatafuna hadi upande wa pili. Osha harufu hiyo, na ikiwezekana iache boti ikiwa imejazwa nusu na kuning'inizwa, kwa kuwa boya lililovimba halina mkunjo wa kuanzia kung'ata.

Tundu likitokea, hupatikana kwa maji ya sabuni na brashi, kwa kufuata mapovu. Kiraka cha baiskeli na gundi yake, ambavyo kila fundi wa Ujiji anavyo, havitashika kwenye PVC. Huonekana vimeshika kwa siku moja kisha hubanduka chini ya mgandamizo. PVC hutaka gundi ya poliyurethani ya sehemu mbili, na Hypalon hutaka ya neoprini ya sehemu mbili, kila moja na kitambaa cha kiraka cha aina yake, kwa hiyo vinunuliwe pamoja na boti yenyewe, maana havipatikani mwambaoni. Gundi ikaguliwe tarehe, kwani kopo lililopitwa na muda halifai hata kama bado ni majimaji. Kiraka kizidi tundu kwa sentimita 4 au 5 kila upande na kiviringwe pembe. Pande zote mbili zikwaruzwe kwa msasa laini, zifutwe kwa kiyeyusho kilichotajwa na mtengenezaji, zipakwe tabaka jembamba na kuachwa zikauke, kisha zipakwe la pili na kugandamizwa. Unyevu wa hewa huharibu gundi hizi, kwa hiyo matengenezo makubwa yafanywe katika miezi mikavu ya Juni hadi Agosti, mchana, mbali na maji, na boya lisijazwe upepo kamili kabla ya siku moja nzima kupita.